Mashine Moja, Injini Mbili

Nyumba ile ilikuwa na kompyuta moja na watu wawili wanaoijua, na hapo ndipo kasheshe yote ilipoanzia. Kama mmoja wao angekuwa mbumbumbu wa mambo hayo kama majirani zao, wangeishi kwa raha. Lakini wote wawili walijua, na kompyuta ilikuwa ileile, laptopu nzito yenye kibonye cha herufi A kilichofutika kabisa, iliyokaa kwenye meza waliyolia chakula.

Mume aliitwa Mwalimu. Alikuwa amewafundisha kompyuta nusu ya vijana wa mtaa ule, na mkewe alimpatia darasani humohumo. Mke aliitwa Mwanafunzi. Lilikuwa jina la utani la siku za uchumba, mtaa ukalidaka, likamganda kama kupe. Hata sasa, mtoto wao akiwa shule ya msingi na mvi zimeanza kuchungulia kwenye nywele zake yeye mama, muuza mkaa alimwita Mwanafunzi bila hata kucheka. Aliyeacha kumwita hivyo ni Mwalimu mwenyewe, tangu ofisi yake ilipofungwa na mkewe akapata kazi. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo. Siku hizi alimwita "mwenzangu", au hakumwita kabisa.

Kutwa nzima kompyuta ilikuwa ya mke, maana kazini kwake walisema mtu aliye kwenye majaribio atumie mashine yake mwenyewe. Alfajiri ilikuwa ya mume. Aliamka kabla ya watu, akajifunika shuka mabegani, akachapa mpaka mtoto aamke na kudai chai. Mchana akifua, akipika, akimwogesha mama yake mzazi ambaye miguu ilikuwa imemsaliti. Jioni akitoka na simu yake mkononi kuzunguka mtaani. Watu walimwona akisimama kwa fundi viatu, akisimama kwa mchomeleaji, wakasema Mwalimu siku hizi amekuwa mzururaji. Mkewe alisikia maneno hayo na hakuyakanusha. Kwa kweli alikuwa ameanza kuyaamini.

Sasa, kazi ya mke na hiyo ya alfajiri ya mume zote zilitumia makontena. Kwa asiyejua, kontena ni kama begi la msafiri. Programu inafungashwa humo pamoja na kila inachohitaji, ili ikifika kwenye kompyuta yoyote isianze kuomba chumvi kwa jirani. Na anayeyafungua mabegi hayo, akayaamsha na kuyalaza bila kuyamwaga, ni injini. Mwalimu alikuwa na injini yake ya siku nyingi, isiyo na sura, ya kuendeshwa kwa amri za kuandika. Kazini kwa mke wakaagiza iwekwe nyingine, ya kisasa, yenye dirisha zuri na vibonye vya rangi. Zikakaa zote mbili humo ndani, kila moja na ghala lake, hii haioni vya ile. Lakini mlango wa kutokea kwenda mtandaoni ulikuwa mmoja, na diski ilikuwa moja. Ndiyo maana Mwalimu alihakikisha ameyalaza makontena yake yote kabla ya kumwachia mkewe kiti.

"Si uitoe tu hiyo yako?" mke alimwuliza mara nyingi.

"Nitaitoa. Ngoja nimalize."

"Unamaliza nini?"

"Utaona."

Alishachoka kuona. Mashine ilikuwa nzito kama punda aliyebebeshwa mizigo ya wafanyabiashara wawili, na alama ya diski ilikuwa nyekundu kwa kujaa juma zima.

*

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho ya majaribio. Saa nane mchana Mwanafunzi angeonyesha kazi yake mbele ya wakubwa kwa njia ya mtandao, mfumo wa kupanga miadi ya wagonjwa, na wao wangeamua kama abaki au aondoke. Hapakuwa na mshahara mwingine ndani ya nyumba ile. Kila mtu alilijua hilo, hata mtoto, ambaye asubuhi hiyo alikunywa chai bila kulalamikia sukari.

Mwalimu alikatishwa kazi yake mapema. Mama yake aliita kutoka msalani, sauti ya mtu aliyeshindwa kuinuka, naye akalaza makontena yake haraka na kumkimbilia. Ikabidi ampeleke kliniki. Waliondoka polepole, bibi ameegemea bega la mwanawe, mtoto mbele yao na begi la shule.

"Usihangaike na vyombo," Mwalimu alisema mlangoni. "Nikirudi nitaosha. Wewe jiandae."

Mwanafunzi akakaa. Akafungua lile dirisha la vibonye vya rangi. Likazunguka kiduara chake, likazunguka, likazunguka, halikufunguka. Akalifunga, akafungua tena. Akazima kompyuta, akaiwasha. Kiduara kilekile. Jasho likamtoka mgongoni, na jua lilikuwa halijapanda hata kidogo.

"Hodi hapa."

Alikuwa mjane wa fundi saa, yule aliyekuwa na kibanda pale kona kabla hajafariki. Mwanamke mfupi, mpole, amesimama kizingitini na mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili.

"Karibu, mama. Mwalimu hayupo."

"Aliniambia nije leo, mwanangu."

"Amempeleka Bibi kliniki. Rudi jioni."

Mjane akatupa jicho ndani, juu ya meza. "Ni hiyo?"

"Hiyo nini?"

"Kompyuta yake."

"Ni yangu mimi, mama, na niko kazini," Mwanafunzi alisema, akajisikia jinsi sauti yake ilivyotoka kali. Alikuwa ameushika mlango, hakumkaribisha hata kukaa. "Jioni atakuwepo."

"Haya, mwanangu. Nitarudi." Mjane alishuka ngazi taratibu, mkoba bado ameukumbatia.

*

Msimamizi wake kazini alikuwa kijana, umri wa mdogo wake wa mwisho. Mwanafunzi alimpigia simu huku akiuma kucha.

"Dada, usilie. Una injini ngapi humo ndani?"

"Silii. Ziko mbili. Moja ni ya mume wangu."

Kijana akacheka, na nyuma yake ikasikika sauti ya mwingine akiuliza kuna nini. "Mnakaa wawili kwenye mashine moja? Dada, mafahali wawili hawakai zizi moja. Toa mmoja."

"Ana vitu vyake humo."

"Iulize basi kama ina kitu. Uliza kuna makontena gani."

Akafungua ule ukurasa mweusi wa amri, akaiuliza injini ya mumewe. Jibu lilikuja papo hapo. Vikatokea vichwa vya safu tu, jina, hali, umri, na chini yake hapakuwa na hata mstari mmoja.

"Haina kitu," alisema, na alishangaa kuliko alivyotaka kijana yule ajue.

"Si unaona? Unafuga njaa. Itoe. Na ukiitoa, usiache ghala lake, hata likiwa tupu hubaki na takataka zinazokula diski. Nakutumia amri mbili. Ya kwanza ya kung'oa, ya pili ya kufagia."

Akampigia Mwalimu kwanza. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake. Simu ya Mwalimu ikaitikia chumbani, juu ya kitanda, ikiwa kwenye chaji. Akaiangalia ikicheza na jina lake mwenyewe kwenye kioo, akakata. Kisha akaandika amri ya kwanza. Kompyuta ikamwuliza kama ana uhakika, akakubali. Akaandika ya pili.

Ya pili ilichelewa. Akaenda kuosha kikombe, akarudi, bado. Akafuta meza, bado ile alama ilikuwa ikipepesa. "Takataka zake kumbe ni nyingi," alijisemea. Hatimaye ikamaliza. Akabonyeza dirisha lake, kiduara kikazunguka kidogo tu, likafunguka, na makontena yake yote yakajipanga mbele yake na alama za kijani. Hakuna kilichopotea. Akainamia meza, akashukuru kwa sauti.

Lakini faraja ilipopoa, hasira ikachukua nafasi yake. Alfajiri zote zile! Ule mwanga wa skrini uliompiga machoni, zile kelele za vibonye, na yeye akijifunika mto kichwani asimsumbue mtu mwenye kazi. Kumbe ndani hamna kitu. Mume wake alikuwa akiamka kila siku kujifanya anafanya kazi, na yeye akimheshimu kwa hilo. Alijiona mjinga. Alimwonea huruma na akamchukia kwa wakati mmoja, na mwenye mapenzi ya siku nyingi anajua kwamba mambo hayo mawili hukaa pamoja bila kugombana.

*

Walirudi jua likiwa kali. Bibi alikalishwa kwenye kiti cha plastiki, mguu umefungwa bandeji, na Mwalimu akainama kumvua viatu.

"Nimeitoa ile yako," mkewe alisema kutoka mezani, bila kugeuka.

Mikono ya Mwalimu ikasimama kwenye kiatu. "Ipi?"

"Injini. Ilikuwa inanizuia. Nimekupigia, simu umeiacha. Na usinitolee macho, maana niliiuliza kabla, ilikuwa tupu. Tupu kabisa! Kila alfajiri unatuamsha na kuchapa kwako, kumbe unachapa hewa. Si ungesema tu, Mwalimu? Si ungelala kama watu wengine wasio na kazi?"

Bibi alitazama sakafu. Hakuna mzazi anayependa kusikia mwanawe akivuliwa nguo namna ile, naye ameshikwa mguu na mwanawe huyohuyo.

Mwalimu alimaliza kuvua kiatu, akakiweka pembeni ya mwenzake. "Uliiuliza vipi?"

"Nilivyofundishwa. Ikasema hamna."

"Na ghala umelifagia?"

"Lote."

Akanyanyua uso, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa saba. Akamtazama mkewe, shati lake la kazi limepigwa pasi mbele tu, mahali ambapo kamera ingefika, na chini kavaa kanga ya nyumbani.

"Saa nane unaonyesha?"

"Unajua."

"Basi," alisema. "Ni kweli. Ilikuwa tupu."

Akaenda kuosha vyombo.

*

Mambo yalikwenda vizuri. Katikati, Bibi alisahau, akapita nyuma yake akichechemea, ameshika ukuta na beseni kwapani, na mtu mmoja kule upande wa pili akacheka waziwazi. Mwanafunzi alihisi masikio yakiwaka, lakini hakusimama. Alionyesha mgonjwa anavyopanga miadi, daktari anavyoiahirisha, ujumbe unavyokwenda. Mkubwa mwenye miwani aliuliza maswali mawili ya kawaida. Mwishowe akasema, "Tunaendelea na wewe," kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, na skrini ikawa tupu.

Kwa hiyo walikuwa wamepona. Alikaa kidogo akisubiri furaha ije, ikaja nusu. Akatoka kwenda jikoni, ambako Bibi alikuwa akichambua maharage.

"Umepita, mwanangu?"

"Nimepita, Mama."

"Mungu mkubwa." Bibi akatupa punje mbovu kando. "Basi jioni mpishe mwenzio kidogo. Mjane wa fundi saa anakuja kumsikiliza mumewe."

"Kumsikiliza vipi? Si amekufa?"

"Kwani hujui? Mwanangu si ndiyo kazi aliyokuwa nayo, kuwaandika mafundi wote wa hapa mtaani. Picha zao, kazi zao, na sauti zao wakieleza walivyojifunza. Ili mtu akitafuta fundi ampate, hata akiwa mbali. Alitaka kwanza imalizike ndipo akuonyeshe, aliona haya. Jumapili aliniambia, Mama, imekwisha." Bibi alisita, mkono umebaki juu ya ungo. "Hicho kitupu ulichokitoa leo, hakihusiani na hizo sauti, au vipi? Mimi mambo yenu siyajui."

Mwanafunzi alirudi mezani. Alivuta kiti, akaketi.

Akaangalia diski. Asubuhi ilikuwa nyekundu, imejaa mpaka ukingoni. Sasa ilikuwa kijani, na karibu nusu yake wazi. Kitu kitupu kingeachaje nafasi yote hiyo? Na kile kitambo alichosubiri akiosha kikombe, kilikuwa kinafagiwa nini? Ndipo likamjia somo la wiki ya kwanza kabisa, chumba kidogo chenye kompyuta mbovu, na kijana mwembamba akipita nyuma ya viti vyao. Ukiiuliza injini ina makontena gani, alisema, itakutajia yaliyo macho tu. Yaliyolala haiyataji mpaka uulize kwa kutaka yote. Alilirudia somo hilo mara tatu, nao wakalirudia kwa kuimba kama watoto wa chekechea. Na mumewe kila asubuhi aliyalaza yake yote, kwa ajili yake yeye.

Akatafuta kwenye mafaili. Programu yenyewe ilikuwepo, mistari na mistari, safi, yenye maelezo pembeni kama alivyopenda Mwalimu. Nyumba imebaki. Waliokuwa wakikaa ndani yake, picha na sauti, hawakuwepo hata mmoja.

*

Alimkuta uani akianika sare za mtoto.

"Halikuwa tupu," alisema.

Mwalimu akabana soksi kwenye kamba. "Umepita?"

"Mwalimu, nakuuliza."

"Na mimi nakuuliza. Umepita?"

"Nimepita."

"Basi tushukuru."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia saa saba, saa nane ungeonyesha nini? Ungekaa pale na machozi, tukakosa vyote viwili." Aliongea bila ukali, na hilo ndilo lililomwumiza. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyetembea mbali akakuta ofisi imefungwa.

"Kwenye simu hamna?"

"Simu ilijaa. Nilikuwa nahamishia kwenye kompyuta, kisha nafuta."

"Maneno yale niliyokuambia mbele ya Mama..."

"Uliyasema ukiwa na hofu."

"Niliyasema nikiyaamini," Mwanafunzi alisema, na sasa alikuwa akilia kweli. "Nilikuwa nayaamini siku nyingi. Nitazunguka na wewe. Kila jioni. Tutawarekodi upya wote."

"Mchomeleaji yupo," Mwalimu alisema. Akainama kuchukua shati. "Fundi viatu yupo. Yule mama wa cherehani amehama, lakini si mbali." Akalikung'uta shati, akalianika, akalinyoosha kola kwa vidole. Wote wawili walijua ni nani anayefuata.

"Hodi hapa," sauti ikasema mbele ya nyumba.

Mwalimu akafuta mikono kwenye suruali, akaenda. Mkewe alibaki kashika beseni, lakini nyumba ile ilikuwa ndogo, na kila neno lilifika uani.

"Karibu, mama. Samahani sana. Nimekusumbua bure leo."

"Haipo tayari?"

"Imefutika, mama. Kosa langu. Nilikuwa natengeneza mashine, nikabonyeza pasipobonyezwa. Nisamehe."

Mwanafunzi akaweka beseni chini. Alipita jikoni, alipita mezani, akasimama mlangoni ubavuni mwa mumewe. Mjane alikuwa amebadilisha nguo tangu asubuhi. Alivaa gauni lake la kutokea na hereni ndogo, na kichwani alikuwa amesuka upya.

"Si yeye, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyefuta. Sikuuliza vizuri, nikafuta. Na asubuhi ulikuja sauti yake ikiwa bado imo, labda ungemsikia hapohapo, nikakurudisha mlangoni."

"Nyamaza," Mwalimu alimnong'oneza.

"Sinyamazi."

Mjane aliwatazama mmoja, kisha mwingine. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Yote?" aliuliza.

"Yote, mama."

"Alikuwa na kikohozi siku ile," mjane alisema, akimgeukia Mwalimu. "Unakumbuka? Ukataka muanze upya, akasema acha, ndivyo nilivyo." Alishika mkoba wake kwa mikono miwili kama asubuhi. Alionekana anafikiri, kama mtu anayetafuta kipande kidogo zaidi cha kuomba, ambacho hakiwezi kumgharimu mtu chochote. "Hata pale alipokohoa? Hata hapo hapakubaki?"

Mwanafunzi akatikisa kichwa.

Mwalimu aliingia ndani, akatoka na kiti cha mezani, kile walichokuwa wakipokezana alfajiri na asubuhi, akakiweka kivulini, akamshika mjane mkono akae.

"Mwanafunzi," akaita, bila kugeuka. "Mletee mama maji ya kunywa."

Hakuwa amemwita hivyo tangu ofisi ifungwe. Mkewe alikwenda jikoni, akafunua ndoo, akasimama pale na kikombe mkononi, na ilimchukua muda mrefu kuchota maji yale.